Shajara ya mradi: dai letu la pektini ya maembe, na swali la "hili si lilikuwa wazi?"

Wiki ya 1

Barua imefika Jumatatu. Mkaguzi wa hataza (haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) amelikataa dai letu namba moja, na sababu zake zimetosha mistari michache tu: fundi mwenye ujuzi wa kawaida kwenye fani hii angelifikia bila kuvumbua chochote. Kwa waliojiunga sasa, dai lilikuwa hivi: njia ya kutoa pektini, ule ute wa matunda unaogandisha jemu, kwenye maganda ya maembe kwa kuyachemsha kwenye maji yenye asidi, pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka asidi ni kali zaidi) 1.8 mpaka 2.2, nyuzi 80 mpaka 90, dakika 60 mpaka 80, halafu unachuja na kuigandisha kwa spiriti. Mkaguzi kaambatanisha maandishi mawili ya zamani ambayo yote yanasema pektini ya matunda hutolewa kwenye pH 1.5 mpaka 3 na nyuzi 60 mpaka 100. Namba zetu zimekaa katikati ya namba zao kama kisahani ndani ya sinia.

Mwenzangu wa maabara alikasirika kwelikweli. "Kaka, hao hawajawahi hata kushika ganda la embe, sisi tumechemsha maganda mwaka mzima!" Nami nilikuwa na hasira hiyohiyo, sitaificha, maana ule mwaka mzima naukumbuka, harufu ya asidi kwenye nguo, vitambaa vya kuchujia vilivyochanika, na ile furaha ya mara ya kwanza tulipomwaga mchujo kwenye spiriti baridi na ule ute ukaanza kujitokeza, nyuzinyuzi nyeupe zinapanda juu polepole zikishikana kama utando, ukiuzungushia kijiti unauvuta mzimamzima.

Ila jasho si hoja. Hilo nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, kwa sababu nataka huu mradi mdogo ndani ya mradi uwe wa kujifunza kupima dai la mchakato wa kemia kama mkaguzi anavyolipima, kabla hatujajibu barua. Tuna miezi kadhaa ya kujibu.

Wiki ya 2

Nimeanza na msingi. Karibu kila nchi swali ni lilelile ingawa maneno yanatofautiana: je, tarehe ulipowasilisha ombi, mtu wa fani hiyo mwenye ujuzi wa kawaida, aliyesoma kila kilichochapishwa, angeona jambo lako ni dhahiri? Huyo mtu ni wa kufikirika. Ana kumbukumbu kuliko binadamu yeyote ila hana kipaji chochote cha ziada, anajua vitabu vyote na anaweza kufanya majaribio ya kawaida ya kurekebisha mitambo, basi.

Kesi ya msingi Marekani ni Graham dhidi ya John Deere ya 1966. Inakwambia uangalie kilichotangulia, uone tofauti kati yake na dai, ukadirie kiwango cha fundi wa fani, halafu uongeze ushahidi wa nje kama vile wengine walijaribu wakashindwa. Mwaka 2007 ikaja KSR dhidi ya Teleflex ambayo ilikuwa ya pedali ya gari lakini iligusa kila fani, mahakama ikasema usidai maandishi yanayokuelekeza neno kwa neno uunganishe vitu viwili, akili ya kawaida ya fundi nayo inahesabika.

Ulaya nao wana njia yao, na hii ndiyo iliyonikaa kichwani kuliko zote kwa sababu Kiswahili kinaibeba vizuri sana. Wanatafuta andiko la karibu zaidi, wanauliza tatizo gani la kiufundi limetatuliwa ukilinganisha na andiko hilo, kisha swali lao ni kwamba haitoshi kusema fundi *angeweza* kufanya hivyo, lazima uonyeshe *angefanya*. Angeweza na angefanya. Mtu angeweza kuweka chumvi kwenye chai, lakini angefanya kwa sababu gani? Kama kuna kitu kwenye maandishi ya zamani kinachomsukuma, basi dai ni dhahiri. Kama hakuna, dai linaanza kupumua.

Nikampigia mwanasheria wetu, tunamwita Mama, nikamweleza hilo. Akasema, "Vizuri mwanangu, sasa lijaribu kwenye dai lako." Nikajaribu. Kuna kinachomsukuma fundi kuchemsha maganda kwenye pH 2? Kipo. Kila kitabu cha pektini kinasema. Nikakaa kimya kwenye simu.

Wiki ya 3

Kesi inayoitwa Aller, Marekani, 1955. Mchakato wa kutengeneza fenoli kwa kuvunja kumini haidroperoksidi kwa asidi ya salfa. Andiko la zamani lilikuwa limefanya kwa nyuzi 100 na asidi ya asilimia 10. Waombaji wakasema sisi tunafanya kwa nyuzi 40 mpaka 80 na asidi ya asilimia 25 mpaka 70, tunapata mavuno makubwa zaidi. Kumbuka namba zao hazikuingiliana kabisa na za zamani, walikuwa NJE ya masafa, yaani nje ya eneo la namba lililokwisha kuandikwa. Na bado walishindwa! Mahakama ikasema hali za jumla zikishajulikana, kutafuta kiwango kizuri zaidi kwa majaribio ya kawaida si uvumbuzi. Ili upite lazima namba yako ilete matokeo mapya yasiyotarajiwa, ya aina nyingine, si yaleyale kwa wingi zaidi.

Nilisoma hiyo mara tatu. Kama aliye nje ya masafa alishindwa, sisi tulio ndani tutasema nini? Mwenzangu akauliza hivyohivyo, ila kwa sauti ya chini kuliko wiki ile.

Hapa niweke jambo moja ambalo watu wengi wa maabara hatulijui. Sisi tukipata mavuno kupanda tunafurahi, tunaona tumevumbua. Lakini macho ya hataza yanauliza, kupanda huko kulitarajiwa? Kama kila mtu anajua ukipunguza joto bidhaa haiungui, basi kupunguza joto na kukuta bidhaa haijaungua ni kuthibitisha tu walichokijua. Naliandika bila uchungu sasa. Wiki mbili zilizopita ningekataa.

Wiki ya 4 na 5

Hizi wiki mbili nimezitumia kwenye kesi moja tu na sijutii, DuPont dhidi ya Synvina, mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani, Septemba 2018. Nimeichagua kwa sababu ni mchakato mtupu wa kemia, hakuna molekuli mpya, ni namba dhidi ya namba kama sisi.

Bidhaa ni asidi inayoitwa FDCA. Unaipata kwa kuoksidisha HMF, ambayo yenyewe hutoka kwenye sukari ya matunda. Thamani yake ni kwamba inatengeneza plastiki ya PEF, inayotarajiwa kushika nafasi ya PET ya chupa za maji. Synvina ilikuwa kampuni ya ubia kati ya Avantium ya Uholanzi na BASF ya Ujerumani. DuPont ni kampuni ya kemikali ya Marekani, nayo ndiyo iliyotaka hataza ya Synvina ifutwe. Hataza yao ya Marekani ilitolewa 2014, na dai lina mambo manne: joto kati ya nyuzi 140 na 200, presha ya oksijeni peke yake bar 1 mpaka 10 (bar ni kipimo cha presha, kama psi), kichocheo cha kobalti na manganizi pamoja na bromini, na kiyeyushio cha asidi asetiki.

Sasa mtu wa kemia ya viwandani akiona kobalti, manganizi, bromini na asidi asetiki anajua mara moja anaangalia nini. Hiyo ndiyo familia ya kichocheo inayotengeneza asidi ya tereftaliki, malighafi ya PET, tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo kichocheo na kiyeyushio havikuwa vipya hata kidogo, vita yote ilikuwa kwenye joto na oksijeni.

Maandishi yaliyotangulia yalikuwa kadhaa. La kwanza lilichapishwa 2001 na lilikuwa la DuPont wenyewe, wenye kushambulia. Kichocheo kilekile, kiyeyushio kilekile, joto nyuzi 50 mpaka 250, walilolipendelea 50 mpaka 160. Presha ya hewa psi 1000. Hapo nilisimama nikachukua kalamu, maana dai la Synvina linataja oksijeni peke yake wakati andiko linataja hewa yote. Psi 1000 ni kama bar 69, hewa ina oksijeni asilimia 21, kwa hiyo 69 mara 0.21, unapata karibu bar 14.5. Nje ya bar 10, kidogo tu. Andiko lingine, cheti cha uvumbuzi cha Kisovieti, lilitumia kichocheo cha aina hiyohiyo na nyuzi 115 mpaka 140, na presha ya hewa bar 10 mpaka 50, ukipiga hesabu ileile oksijeni inakuwa 2.1 mpaka 10.5. Inaingia ndani ya dai.

Mwenzangu alikuwa amekaa pembeni, nikamsogezea karatasi. Akaitazama muda mrefu halafu akasema, "Kumbe hata wao." Ndiyo, hata wao. Kampuni kubwa zenye mawakili kila kona, na mwisho wa siku mzozo ni bar 14.5 na bar 10.

Bodi ya hataza kwanza ilimpa Synvina ushindi. Ikasema DuPont hawajathibitisha kwamba maandishi ya zamani yalionyesha joto na presha ya oksijeni hubadilisha mavuno kwa namna inayotabirika. Mahakama ikaitengua. Ikasema bodi imeweka kizingiti cha juu mno, inatosha fundi kujua kwamba kigezo hicho kinaathiri matokeo, na kwenye oksidisheni nani asiyejua kwamba joto na oksijeni vinaathiri? Masafa yakiingiliana, dai linahesabiwa kuwa dhahiri mpaka mwenye hataza alete ushahidi wa kulitoa huko. Mzigo wa kumshawishi jaji unabaki kwa anayeshambulia, lakini kuleta ushahidi huo ni kazi ya mwenye hataza.

Na mahakama ikataja njia za kutokea, mimi naziita milango. Nimezichora ukutani kwa makapeni. Kuna mlango wa matokeo yasiyotarajiwa, ya aina nyingine. Kuna mlango wa maandishi ya zamani kumkataza fundi asipite huko, yaani yanamwambia ukienda kule utaharibu. Kuna mlango wa kigezo ambacho hakuna aliyejua kwamba kina maana yoyote. Na kuna mlango wa masafa ya zamani kuwa mapana mno kiasi kwamba hayamwelekezi mtu popote, kama kumwambia mgeni nyumba iko Dar es Salaam halafu umwache apite mtaa kwa mtaa.

Synvina walijaribu wa kwanza, wakasema mavuno yao ni makubwa kuliko yale ya zamani ambayo hayakufika asilimia 60. Mahakama haikuridhika kwamba hiyo ni tofauti ya aina, ikaona ni matunda ya kurekebisha joto na presha jinsi fundi yeyote angefanya. Dai likaanguka.

Nilichojifunza hapa zaidi ya sheria ni kwamba ushahidi wa mavuno makubwa lazima uenee eneo lote unalolidai. Ukidai nyuzi 140 mpaka 200, matokeo mazuri kwenye nyuzi 180 pekee hayakubebei upande wa 140. Nikaangalia majaribio yetu. Mengi tuliyafanya pH 2.0, nyuzi 85. Pembeni kabisa, pH 1.8 na 2.2, tulifanya mara mojamoja tu, tukaridhika.

Wiki ya 6

Kesi fupi ila ina uzito, Antonie, 1977. Mitambo ya kusafisha majitaka yenye sahani kubwa zinazozunguka, bakteria wanakaa juu yake. Mwombaji alidai uwiano fulani kati ya ujazo wa tangi na eneo la sahani, galoni 0.12 kwa kila futi ya mraba. Ofisi ya hataza ikakataa ikisema huko ni kurekebisha tu. Mahakama ikakubaliana na mwombaji, kwa sababu andiko la zamani halikuwa limetambua kwamba uwiano huo ndio unaoamua uwezo wa mtambo. Huwezi kusema fundi angekizungusha kitasa ambacho hakujua kwamba ni kitasa.

Hii imenipa nguvu kuliko kesi zote. Swali la kuuliza kwenye mchakato wa kemia si "namba hii imewahi kuandikwa?" tu, ni "kuna aliyejua kwamba hapa pana kitasa?" Kwetu, pH ni kitasa kinachojulikana, ukishuka sana minyororo ya pektini inakatika na jeli inakuwa legevu, ukipanda haitoki ya kutosha. Joto, kitasa. Muda, kitasa. Vyote vitatu vimeandikwa tangu zamani. Mlango wa Antonie umefungwa kwa dai letu lilivyo.

Mtu mmoja wa kikundi chetu aliuliza, je malighafi ikiwa mpya? Mwaka 1985 kwenye kesi ya Durden mahakama ilikubali kwamba mchakato unaweza kuwa dhahiri hata kama kianzio na bidhaa ni vipya, na ofisi ikaanza kuitumia kama kanuni ya kukatia kila dai. Mwaka 1995 kwenye Ochiai, ya kutengeneza dawa za jamii ya sefalosporini kwa kutumia asidi mpya, mahakama ikasema hapana, hakuna kanuni ya jumla namna hiyo, kila dai lipimwe lilivyo pamoja na kianzio chake, kwa sababu fundi hawezi kufikiria kutumia kitu asichokijua. Ila ganda la embe linajulikana, na pektini yake imeshaandikwa na wengi. Hatuna la kushika hapo.

Wiki ya 7

Tumekaa na Mama saa tatu nzima. Tumelipitisha dai kwenye milango minne moja baada ya nyingine, na mkaguzi alikuwa sahihi. Nimelisema kwa mdomo wangu mbele ya kikundi ili tusiendelee kubishana na barua.

Kilichoniuma ni kingine. Kwenye ombi letu tuliweka jedwali la "ulinganisho" linaloonyesha jeli yetu ni ngumu kuliko ile iliyotengenezwa kwa njia ya zamani. Mama akauliza swali dogo, "Maembe yalikuwa yaleyale?" Tukafungua daftari. Njia ya zamani tuliifanya Novemba na maganda ya bolibo. Yetu tuliifanya Januari na dodo. Tulibadilisha mchakato na embe kwa pamoja, basi hakuna anayeweza kusema ugumu ule umetoka wapi. Mwenzangu alifunika uso kwa mikono. Ulinganisho wa maana ni ule wa kusimama bega kwa bega na andiko la karibu zaidi, kitu kimoja tu kimebadilika, hicho unachokidai.

Lakini kwenye kulifungua hilo daftari tukakuta ukurasa wa usiku umeme ulipokatika. Kundi lile la maganda halikufuata utaratibu wetu, na asubuhi mwenzangu hakutaka kulitupa, akalimalizia hivyohivyo. Pembeni ameandika kwa penseli kwamba jeli ilishika kabla hajamaliza kuosha vyombo. Namba za usiku ule na kilichotokea siviandiki hapa na naomba mnielewe, maana kwa kawaida kilichowekwa hadharani kabla ya kuwasilisha ombi kinahesabika kama maarifa yaliyotangulia, hata ukikiweka mwenyewe. DuPont walipigana kwa andiko lao wenyewe dhidi ya mwingine, mimi sitaki langu linipige mimi.

Ninachoweza kusema ni kwamba kwenye vitabu vyote nilivyopitia, hali ya usiku ule inatajwa kama kitu cha kuepuka kwa sababu eti inadhoofisha pektini. Mlango wa pili, ule wa maandishi kumkataza fundi asipite huko.

Wiki ya 8

Dai namba moja tunaliondoa. Barua ya kujibu mkaguzi Mama ameshaandika, ni fupi na ya heshima.

Ombi jipya haliendi popote mpaka tupate data. Mpango ni maganda ya dodo kutoka gunia moja, yakatwe siku moja, yachanganywe, yagawanywe mafungu kumi na mbili kwa mzani. Sita yafuate andiko la karibu zaidi kama lilivyoandikwa, bila kulidhoofisha ili sisi tuonekane wazuri. Sita yafuate usiku wa umeme, na mawili kati ya hayo yawe kwenye ncha kabisa za masafa tunayotaka kuyadai. Anayepima ugumu wa jeli asijue chombo kipi ni kipi, mwenzangu amejitolea kubandika namba za siri chini ya vikombe na karatasi ya majibu atamkabidhi Mama ndani ya bahasha.

Inaweza kutokea jeli zote zikawa sawa. Usiku ule hatukupima joto la chumba na yale maganda yalikuwa mabaki ya aina mbili za maembe, kwa hiyo penseli ya pembeni haithibitishi kitu bado.

Gunia linafika Jumanne asubuhi. Kipima pH nimekirekebisha leo kwa mara ya pili, kilikuwa kinasoma 0.1 juu.